Gereza, Tao na Kuba: Usanifu Majengo wa Zama za Mwamko na Lugha ya Ujenzi katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Usanifu majengo wa Zama za Mwamko ulianza katika miji ya Italia mwanzoni mwa karne ya 15, na katika muda wa miaka mia mbili ulikuwa umefika Ufaransa, Hispania, Ureno, Poland, Ujerumani na Uingereza. Habari za kuenea huko zimeandikwa sana. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki huzisoma, aghalabu kwa Kiingereza, kama habari za mbali zisizomhusu.

Mhadhara huu unalenga kuonyesha kwamba zinamhusu kwa njia mbili. Kwanza, mtindo huo ulifika katika pwani ya Waswahili ukiwa ungali hai huko ulikozaliwa, na jengo linaloushuhudia, yaani Ngome ya Yesu ya Mombasa, lipo hadi leo. Pili, namna ulivyoenea Ulaya ni suala la lugha sawasawa na lilivyo suala la mawe na chokaa. Hoja kuu ni kwamba mtindo wa ujenzi unaweza kufika mahali kwa nguvu ya mizinga, lakini hauwi mali ya watu wa mahali hapo mpaka upate maneno katika lugha yao. Ushahidi wa hoja hiyo utatafutwa Firenze na Lisbon, Mombasa na Lamu, na hatimaye katika machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, mkoani Geita.

Jina lenyewe la kipindi hiki linahitaji neno. Mwaka 1550 Giorgio Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii wa Italia, alitumia neno rinascita, yaani kuzaliwa upya. Kifaransa kikalifanya renaissance, na kutoka huko likaingia katika lugha nyingi. Katika Kiswahili wapo wanaosema Mwamko, wapo wanaosema Ufufuko, na wapo wanaotohoa na kusema Renesansi. "Mwamko" linaeleweka haraka, ndiyo maana limetumika hapa, lakini linapoteza sehemu ya maana: wasanifu wa Italia hawakujiona kama watu walioamka tu, bali kama watu waliofufua ujuzi wa Warumi wa kale. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuonyesha kwamba kuchagua istilahi ni kuchagua tafsiri ya historia.

2.0 Kanuni za Mtindo

Mwaka 1419 Filippo Brunelleschi alianza kujenga nyumba ya kulelea watoto waliotupwa, Ospedale degli Innocenti, mjini Firenze. Baraza lake la mbele lina matao ya nusu duara yaliyopangwa juu ya nguzo nyembamba. Kimo cha nguzo kinakubaliana na upana ulio baina ya nguzo na nguzo, na kina cha baraza pia. Mwaka uliofuata, 1420, kazi ya kuba ya kanisa kuu la mji huohuo ilianza chini ya Brunelleschi, na mwaka 1436 ikakamilika. Kuba hiyo ya matofali ilipandishwa bila kiunzi cha mbao cha kuishikilia kutoka chini, jambo lililowashangaza mafundi wa wakati wake.

Nyuma ya majengo hayo kulikuwa na kanuni mbili: ulinganifu, kwamba upande wa kushoto ujibu upande wa kulia, na uwiano, kwamba kila sehemu ya jengo ipimwe kwa sehemu nyingine. Kipimo cha vipimo vyote kilikuwa mwili wa binadamu. Vitruvius, msanifu wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, alikuwa ameeleza kwamba mtu akinyoosha mikono na miguu huenea ndani ya duara na ndani ya mraba, na kwamba upana wa mikono yake iliyonyooshwa ni sawa na kimo chake. Leonardo da Vinci alichora wazo hilo mnamo mwaka 1490. Kwa sababu hiyohiyo duara likahesabiwa kuwa umbo kamili kuliko yote, na Donato Bramante, mwanzoni mwa karne ya 16, akajenga mjini Roma hekalu dogo la duara liitwalo Tempietto, ambalo wasanifu wengi baada yake walilichukua kama kielelezo.

3.0 Kuenea kwa Njia ya Kitabu

Mtindo huu haukusafiri kwa miguu ya mafundi peke yao. Mafundi wa Kiitalia walialikwa na wafalme: Bartolomeo Berrecci alijenga kanisa dogo la mfalme Sigismund huko Wawel, Kraków, lililokamilika mwaka 1533. Lakini wafalme wanaoweza kumlipa fundi wa mbali ni wachache. Kilichoufikisha mtindo kwa fundi wa kawaida kilikuwa kitabu.

Leon Battista Alberti aliandika vitabu vyake 10 vya ujenzi kwa Kilatini mnamo mwaka 1452, navyo vikapigwa chapa mwaka 1485. Fundi asiyejua Kilatini hakunufaika navyo moja kwa moja. Mageuzi yalikuja pale ujuzi ulipohamishiwa katika lugha za watu. Cesare Cesariano alimtafsiri Vitruvius kwa Kiitalia mwaka 1521. Diego de Sagredo alichapisha Toledo kitabu chake cha Kihispania mwaka 1526. Sebastiano Serlio alianza kutoa vitabu vyake vya Kiitalia, vyenye michoro mingi, mwaka 1537. Tafsiri ya Kifaransa ya Vitruvius iliyofanywa na Jean Martin ilitoka mwaka 1547, na ya Kijerumani ya Walther Ryff mwaka 1548. Uingereza ilipata kitabu cha John Shute mwaka 1563. Andrea Palladio alichapisha vitabu vyake vinne Venezia mwaka 1570, na nakala moja ya kitabu hicho ilikuwa mikononi mwa Inigo Jones, aliyeandika maoni yake pembezoni mwa kurasa kabla ya kuanza, mwaka 1616, Queen's House ya Greenwich.

Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo la kuzingatia ni taabu waliyoipata watu hawa. Vitruvius mwenyewe alikiri kwamba maneno ya kazi ya ujenzi ni mageni masikioni mwa watu, kwa kuwa mengi aliyatoa katika Kigiriki. Alberti, miaka 1,500 baadaye, alilalamika kwamba Vitruvius aliandika hivi kwamba Walatini humdhania Mgiriki na Wagiriki humdhania Mlatini. Watafsiri wa karne ya 16 walitohoa walipokosa neno, wakaeleza kwa maneno mengi walipoogopa kutohoa, na wakachota kwa mafundi walipoona mafundi wanalo neno tayari. Lugha zinazoitwa leo lugha za sayansi ziliyapata maneno yao kwa jasho hilo. Hakuna hata moja iliyozaliwa nayo.

4.0 Dhahabu ya Pwani na Majengo ya Ulaya

Kabla ya mtindo huu kufika Afrika Mashariki, mali ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kwenda kwake. Kilwa ilikuwa imetajirika kwa biashara ya dhahabu iliyoletwa pwani kupitia Sofala. Dhahabu hiyo ilichimbwa bara ya kusini, katika nchi inayoitwa sasa Zimbabwe, wala haikutoka katika ukanda wa Geita. Mwaka 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alimlazimisha mtawala wa Kilwa kwa mizinga alipe kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno.

Mfalme Manuel aliamuru dhahabu hiyo ifuliwe chombo cha kanisa cha kuonyeshea hostia. Kazi hiyo ya sonara Gil Vicente ina tarehe ya mwaka 1506, na imehifadhiwa katika makumbusho ya sanaa ya kale mjini Lisbon. Ilitengenezwa kwa ajili ya watawa wa Jerónimos wa Belém, ambao monasteri yao ilijengwa kwa sehemu ya ushuru wa bidhaa kutoka Afrika na Mashariki. Monasteri hiyo ilianza kwa mtindo wa zamani wa Ureno, kisha sehemu zake za baadaye zikafuata mtindo wa Mwamko. Kwa hiyo historia ya kuenea kwa mtindo huu haiwezi kusimuliwa kana kwamba Afrika ilikuwa mtazamaji. Ilikuwa miongoni mwa waliolipa gharama.

5.0 Ngome ya Yesu

Mtindo ulikuja pwani kwa sura yake ya kivita. Mwaka 1494 jeshi la Ufaransa liliingia Italia na mizinga iliyobomoa kuta ndefu za zamani kwa muda mfupi. Wasanifu wa Italia walijibu kwa hesabu: kuta zikafupishwa, zikanenepeshwa na kuinamishwa, na katika kila kona ikawekwa pembe kubwa iliyochomoza nje, ili askari wa pembe moja waweze kulinda ukuta hadi pembe nyingine pasiwe na mahali pa adui kujificha. Kanuni zilezile za ulinganifu na uwiano zilizojenga makanisa sasa zilijenga ngome.

Katika miaka ya 1580, baharia wa Kituruki Ali Bey alifika pwani mara mbili, na miji kadhaa ikaungana naye dhidi ya Wareno. Baada ya kumshinda, Wareno waliamua kuishika Mombasa kwa nguvu. Wakati huo taji la Ureno lilikuwa juu ya kichwa cha Filipo wa Pili wa Hispania, na msanifu mkuu wa ngome zake za Mashariki alikuwa Mwitalia kutoka Milano, Giovanni Battista Cairati. Ngome aliyoisanifu ilianza kujengwa mwaka 1593 na kufikia mwaka 1596 sehemu kubwa ilikuwa imesimama. Ikitazamwa kutoka juu, ramani yake hufanana na mtu aliyelala chali. Shirika la UNESCO, lilipoiingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, lilitaja hasa uhusiano huo wa ramani na wazo la Zama za Mwamko kwamba uwiano kamili hupatikana katika mwili wa binadamu.

Ngome hiyo imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Hivyo ni vifaa ambavyo Waswahili walikuwa wamevijengea kwa karne nyingi. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulikuwa na kuba na matao, na jumba la Husuni Kubwa, la karne ya 14, lilikuwa na birika la pembe nane, takribani miaka mia moja kabla Brunelleschi hajaianza kuba yake ya pande nane. Hakuna haja ya kudai kwamba mmoja alijifunza kwa mwenziwe. Inatosha kusema kwamba mtindo wa Mwamko haukukuta pwani watu wasiojua jiometria ya jiwe.

Hata hivyo ujuzi wa ngome haukuhamia kwa watu. Mchoro ulikuwa wa Mwitalia, amri ya Mreno, wajenzi wengine wakaletwa kutoka India, na kazi ya mikono ikafanywa pia na watu wa pwani. Hakuna kitabu kilichotafsiriwa. Mwaka 1698, baada ya kuzingirwa tangu mwaka 1696, ngome iliangukia mikononi mwa Waomani. Tangu mwaka 1895 hadi 1958 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliitumia kama jela.

6.0 Safari ya Neno "Gereza"

Lugha imeitunza habari hii kwa ufupi wa ajabu. Neno la Kireno igreja lina maana ya kanisa. Likiingia katika Kiswahili, irabu ya mwanzo ilidondoka, mfuatano wa konsonanti gr ukavunjwa kwa irabu e, na konsonanti ya mwisho ikawa z: gereza. Umbo lilibadilika kwa kanuni za kawaida za utohozi. Maana ndiyo iliyosafiri mbali.

Ngome Kongwe ya Unguja inaonyesha njia yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 17 Wareno walikuwa na kanisa mahali hapo. Waomani walipowaondoa walijenga ngome juu ya uwanja huo, na baadhi ya kuta za kanisa zikaingizwa ndani yake. Baadaye ngome ikatumiwa kufungia watu. Kanisa, ngome na kifungo vilikaa katika kiwanja kimoja kwa zamu, na neno likawafuata wenye kiwanja. Kilwa Kisiwani nako ngome iliyojengwa juu ya mabaki ya ile ya Wareno ya mwaka 1505 huitwa Gereza.

Maneno mengine ya Kireno katika Kiswahili yanathibitisha jambo hilohilo: meza, kasha, bendera, leso, mvinyo, karata, parafujo, roda. Ni vitu vya mkononi, vya merikebuni na vya sokoni. Katika orodha hiyo hamna nguzo wala kuba, hamna uwiano wala ulinganifu. Kutokana na mtindo mkubwa kabisa wa ujenzi uliowahi kuletwa kutoka Ulaya katika karne ile, Kiswahili kilibaki na jina la mahali pa kufungia watu.

7.0 Msamiati Uliokuwapo

Itakuwa kosa kuhitimisha kwamba Kiswahili hakikuwa na maneno. Nguzo, mlango, ukuta na nyumba ni maneno ya Kibantu. Kuba, mnara na sakafu yana asili ya Kiarabu, na dirisha asili ya Kiajemi. Katika nyumba za mawe za Lamu kila sehemu ina jina lake: daka ni kibaraza cha mlangoni, kiwanda ni ua wa ndani usioezekwa, msana ni ukumbi mrefu unaofuata, na nyuma yake kuna ndani, sabule ni chumba cha wageni, wikio ni daraja la chumba linalovuka njia kuunganisha nyumba mbili. Zidaka, vile vishubaka vilivyopangwa kwa safu ukutani na kunakshiwa kwa chokaa, hupangwa kwa ulinganifu ambao msomaji wa Serlio angeutambua mara moja.

Ushahidi wenye uzito zaidi ni ule wa vipimo. Mswahili alipima kwa wanda, upana wa kidole. Kwa shibiri, kitanga kilichotanuliwa. Kwa dhiraa, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Na kwa pima, mikono miwili iliyonyooshwa. Shibiri mbili ni dhiraa moja, na dhiraa nne ni pima moja. Hesabu ya Vitruvius ni hiyohiyo: kimo cha mtu ni dhiraa nne, na kimo chake ni sawa na mikono yake iliyonyooshwa. Mchoro wa Leonardo, ambao mwanafunzi huutazama kama fumbo la Kizungu, ni mchoro wa mtu anayeonyesha pima. Neno lenyewe ni kitenzi pia: kupima. Mwalimu anayelijua hilo hahitaji sentensi 10 za tafsiri.

Vivyo hivyo kwa Tempietto. Nyumba ya duara ina jina la kale katika Kiswahili: msonge. Bujora, karibu na Mwanza, kuna kanisa Katoliki lililojengwa kwa umbo la nyumba ya kitemi ya Wasukuma. Lilijengwa chini ya padre David Clement kutoka Kanada, mwanzilishi wa makumbusho ya Wasukuma mahali hapo. Msomaji wa Usukumani akielezwa kwamba Bramante alitaka kanisa la msonge, si refu, ataelewa mara moja kilichobishaniwa Roma.

8.0 Istilahi Hutoka kwa Fundi: Ushahidi wa Nyarugusu

Huenda ikasemwa kwamba maneno ya Lamu ni ya kale na uwezo huo umekwisha. Nyarugusu inakanusha. Katika eneo hili la wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambalo halipaswi kuchanganywa na kambi ya wakimbizi ya Kasulu yenye jina hilohilo, kuna msamiati kamili wa kazi. Shimo la kuchimbia huitwa duara, na anayelimiliki ni mwenye duara. Miti inayopangwa kuzuia kuta za shimo zisiporomoke ni matimba. Mashine ya kuvunja mawe ni karasha. Mahali pa kuoshea ni mwalo. Mchanga uliokwisha kuoshwa ni marudio, na mawe ya mabaki yanayotoka mgodi mkubwa ni magwangala.

Njia zote za uundaji wa istilahi zimo humo. Duara ni neno la zamani lililopewa maana mpya. Matimba na karasha yametoholewa kutoka Kiingereza, la kwanza likavishwa kiambishi ma- na kuingia katika ngeli kana kwamba lilizaliwa humo. Marudio limenyambuliwa kutoka kitenzi. Hakuna kamati iliyokutana. Kilichowasukuma watu ni haja: chini ya ardhi, fundi wa matimba na mchimbaji wasipoelewana kwa neno moja, mtu hufukiwa.

Matimba, kwa kweli, ni usanifu. Ni elimu ya namna uzito unavyotoka juu na kushuka kwenye nguzo, elimu ileile iliyosimamisha matao ya Firenze. Kijana wa Nyarugusu anayeijua kwa mikono huambiwa darasani kwamba usanifu ni somo la lugha nyingine, na kwamba yeye hana maneno yake. Hasara hapo si ya kijana peke yake. Daka, wikio na pima yanafifia kwa kutotumiwa, na matimba na marudio hayajapata nafasi yanayostahili katika vitabu vya kufundishia.

9.0 Hitimisho

Usanifu wa Zama za Mwamko ulienea Ulaya kwa sababu Kiitalia, Kihispania, Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza vilikubali, kimoja baada ya kingine, kufanya kazi ya kuutaja. Ulipofika Mombasa ulikuja na mizinga pasipo kitabu, nao ukaacha ngome na neno gereza. Tofauti ya matokeo hayo mawili haikutokana na upungufu wa akili wala wa mawe. Ilitokana na kukosekana kwa tafsiri na kwa shule ya kuifundishia.

Kazi iliyobaki mbele ya wanataaluma wa Kiswahili inafanyika. Msamiati wa wajenzi wa pwani na wa wachimbaji wa bara ukusanywe kwa wenyewe, ungali midomoni mwao. Istilahi za historia ya usanifu zitafutwe kwanza humo, na utohozi ufuate pale tu neno linapokosekana kweli. Kisha somo lenyewe liandikwe kwa Kiswahili. Mwanafunzi atakayesoma juu ya kuba ya Firenze kwa maneno ya tao, pima, msonge na matimba atakuwa anasoma habari za Ulaya kwa kipimo cha mkono wake mwenyewe.